Hoteli Kuu ya Beira: Ifufuliwe kwa Ajili ya Nani?

Katika mji wa Beira, nchini Msumbiji, karibu na bahari, limesimama jumba kubwa la saruji ambalo Wareno waliliita Grande Hotel, yaani Hoteli Kuu. Lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1950 kuwa hoteli ya fahari, likafungwa mwaka 1963, na tangu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe limekuwa makao ya maskini. Idadi yao haijulikani barabara. Walioandika habari zao hutaja mara elfu moja na kitu, mara elfu mbili, mara zaidi ya elfu tatu. Madirisha hayana vioo, ngazi hazina vizuizi vya mikono, na mahali palipokuwa na lifti yamebaki mashimo matupu. Bwawa la kuogelea, lililojengwa kwa kipimo cha michezo ya Olimpiki, hukusanya maji ya mvua, na akina mama hufulia nguo humo.

Mara kwa mara husikika rai juu ya jumba hili. Wengine husema libomolewe. Wengine husema lifufuliwe, lipakwe rangi, liwekewe vitanda vizuri, lipokee tena wageni wenye fedha wanaotafuta mapumziko ya pwani. Rai hii ya pili ndiyo tunayotaka kuipima leo pamoja na wasomaji wetu, kwa kuwa ni rai yenye sura nzuri. Nani apendaye kuona kitu kizuri kikioza? Walakini sura nzuri haitoshi. Hapana budi kuuliza: je, ni haki kuirudisha nyumba katika kazi yake ya kwanza, ikiwa kurudi huko kwamaanisha kuwatoa wale walioifanya kuwa kwao?

Huenda msomaji akasema kwamba Beira ni mbali, nasi tunayo yetu ya kutosha. Si mbali hivyo. Kusini kidogo ya Beira ilikuwako Sofala, bandari ya dhahabu iliyotii masultani wa Kilwa kabla Wareno hawajajenga ngome yao huko mwaka 1505. Pwani ni moja tangu zamani. Tena siku hizi mambo ya hoteli nayo yamefuata njia ile ile ya majahazi: kampuni iliyogeuza ofisi za kale za simu za baharini pale Shangani, Unguja, kuwa hoteli, ndiyo hiyo hiyo iliyoitengeneza upya hoteli ya Polana kule Maputo. Linaloulizwa leo Beira laweza kuulizwa kesho Tanga au Bagamoyo, ambako majumba ya kale hayakosekani, na watu wa kukaa ndani yake hawakosekani.

Basi tuanze na asili ya jumba lenyewe. Hadi mwaka 1942 Beira ilikuwa chini ya Kampuni ya Msumbiji, iliyopewa na Ureno mamlaka ya kutawala sehemu ile ya nchi kana kwamba ni shamba lake. Mji uliishi kwa bandari na reli iliyopeleka na kuleta mizigo ya Rhodesia. Wazungu wa Rhodesia, ambao nchi yao haina bahari, walishuka kwa reli hiyo kuja kuogelea. Ndipo ikaonekana kwamba yafaa ijengwe hoteli ambayo haina mfano. Ikajengwa: vyumba zaidi ya mia moja, kumbi za dansi, ngazi za fahari, na lile bwawa. Gharama zikazidi sana makadirio. Kisha wageni waliotazamiwa hawakuja kwa wingi uliotosha kulipa mishahara na taa. Husemwa pia kwamba wenye hoteli walitumaini kupata ruhusa ya kuchezesha kamari, nayo Serikali ya Ureno haikuitoa. Kwa sababu moja au nyingine, hoteli ilifungwa kabla haijatimiza miaka kumi, na kwa muda bwawa peke yake ndilo lililoendelea kupata watu.

Wareno walituachia katika Kiswahili maneno kadhaa: meza, mvinyo, karata, gereza. Mtu aweza kuisimulia historia ya hoteli hii kwa maneno hayo manne, maana baada ya uhuru wa mwaka 1975 husimuliwa kwamba vyumba vyake vya chini vilitumika kufungia watu kwa sababu za siasa. Na hilo neno la mwisho, wajuzi wa lugha hutuambia, latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Tuliache hapo.

Katika miaka ile ile hoteli ilipojengwa, Beira ilikuwa na Askofu wake wa kwanza, Sebastião Soares de Resende, aliyeiongoza jimbo hilo tangu 1943 hadi alipofariki mwaka 1967. Mtu huyu, Mreno kwa kuzaliwa, aliandika barua za kichungaji akilaumu jinsi wenyeji walivyolazimishwa kulima pamba na jinsi walivyotendewa kazini. Mwaka 1950 akaanzisha gazeti la kila siku, Diário de Moçambique, lililowachukiza wakuu wa siku zile. Hatusemi kwamba hoteli ilijengwa kwa fedha za pamba ya kulazimishwa. Hatuna haki ya kusema hivyo. Twasema tu kwamba katika mji mmoja, kwa wakati mmoja, kalamu moja iliandika juu ya watu waliofanyishwa kazi bila hiari yao, na kalamu nyingine ilichora kumbi za dansi. Hadi mwaka 1961 sheria ya Ureno ilimweka Mwafrika wa kawaida katika daraja la mwenyeji asiye raia. Katika hoteli kama ile, mtu wa daraja hilo aliingia kubeba mizigo na kufagia, si kulala.

Yafaa kulikumbuka jambo hili tunaposikia watu wakisema kwamba Hoteli Kuu irudishiwe heshima yake. Heshima ipi? Jumba lilikuwa zuri, hatukatai. Lakini jengo lililokusudiwa wageni, na wageni hawakuja, lilikwisha kushindwa kazi yake kabla maskini yeyote hajatia mguu ndani. Waliokuja baadaye hawakukuta karamu wakaivunja. Walikuta ukimya.

Nao hawakuja kwa kupenda. Vita vilivyoanza mwaka 1977 viliwafukuza watu wa mashambani kwa maelfu. Vijiji viliteketezwa, barabara zikatiwa mabomu, na mtu aliyefika Beira akiwa hai alitafuta dari yoyote. Hoteli ilikuwa na dari. Vita viliendelea hadi tarehe 4 Oktoba 1992, mapatano yalipotiwa sahihi mjini Roma, na miongoni mwa wapatanishi alikuwako Askofu Mkuu wa Beira mwenyewe, Jaime Pedro Gonçalves. Silaha zikanyamaza. Wengi wa waliokuwa hotelini hawakuwa na pa kurudia, na wengine wapya wakaongezeka, kwa kuwa umaskini hautii sahihi mapatano.

Hapa ndipo shtaka linapoletwa: hao watu wameliharibu jumba. Ni kweli kwamba mbao nzuri za sakafu zilichomwa kuwa kuni. Ni kweli kwamba mabomba, nyaya, milango na marumaru viling'olewa vikauzwa. Mwenye kupenda kazi ya mikono ya mafundi hawezi kusikia hayo bila uchungu, nasi twauona uchungu huo. Lakini tuseme mama mmoja ana watoto wanne, ni msimu wa mvua, uji haujaiva, na chini ya miguu yake pana sakafu ya mbao ambayo hakuna aliyeipiga dansi kwa miaka ishirini. Je, tumwambie nini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye wanafunzi wa seminari kuu humsoma hata usingizi ukawachukua, afundisha mambo mawili juu ya mali ambayo hayafai kutenganishwa. La kwanza, ni halali mtu kuwa na mali yake mwenyewe, maana kila mmoja hutunza vizuri kilicho chake kuliko kilicho cha wote. La pili, katika kukitumia, mtu akihesabu si chake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wahitaji. Na anayebanwa na shida ya kufa na kupona akichukua kinachomwokoa, hahesabiwi kuwa mwizi. Watu wengi hulikumbuka la kwanza na kulisahau la pili. Wengine hufanya kinyume. Kwa kanuni hiyo, waliokimbilia Hoteli Kuu wakati wa vita hawakumwibia mtu. Walitumia nyumba tupu kama nyumba itumikavyo.

Hata hivyo kanuni ile ile yatuzuia kusema zaidi ya haki. Shida ya kufa na kupona humpa mtu ruhusa ya kujiokoa. Haimpi hati ya kumiliki milele. Mtu mmoja aliyezisoma habari hizi pamoja nasi alilikumbuka shamba la mizabibu la Naboti, ambalo mfalme Ahabu alilitamani kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake, akaahidi kulipa fedha au kutoa shamba lililo bora zaidi. Mfano ni wa kufaa kwa sehemu tu. Naboti alikuwa na urithi wa baba zake; watu wa Hoteli Kuu hawana. Walakini jambo moja la Naboti lawahusu: kwamba kwa mwenye nguvu, shamba ni shamba, hubadilishwa kwa jingine, na kwa anayekaa humo si hivyo. Mtoto aliyezaliwa katika chumba cha hoteli ile mwaka 1985 amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Humo amejifunza kutembea, humo ameposa, humo amezika. Wana viongozi wao na kanuni zao za kuishi pamoja, na wachuuzi wao hupanga mboga na makaa pale chini. Hicho ni kijiji, ingawa kimepandishwa ghorofani.

Lakini kuna watetezi wa aina nyingine ambao hatupendi kutembea nao. Hao hulipenda jumba jinsi lilivyo sasa, kwa kuwa kuoza kwake kwapendeza machoni. Huja na kamera, hupiga picha ya mtoto aliyesimama kwenye ngazi ya mviringo yenye kuvu, hurudi kwao. Hatuwasemi waliofanya kazi ya uangalifu. Licínio Azevedo wa Msumbiji alitengeneza filamu juu ya wakazi hao mwaka 2007, na Lotte Stoops wa Ubelgiji nyingine mwaka 2010, na kwa kazi kama hizo dunia imepata kuwasikia watu wenyewe wakisema. Twawasema wale ambao kwao umaskini ni pambo. Mtoto ateremkaye ghorofa tatu gizani kando ya shimo la lifti hayuko katika picha. Yuko hatarini, na wako walioanguka wakafa. Nyumba isiyo na maji safi wala njia ya kuondoa uchafu, yenye watu elfu na zaidi, ni mlango wa kipindupindu. Kuiacha hivyo miaka na miaka kwa jina la huruma ni kutumia neno la huruma vibaya.

Kwa hiyo jambo lapaswa kubadilika. Na hatuoni dhambi katika kufufua hoteli ya kale, hata ikiwa ya kifahari. Polana ya Maputo ilifunguliwa mwaka 1922, siku ambazo mambo ya rangi yalikuwa mabaya kuliko tulivyoeleza. Ilitengenezwa upya, na mwaka 2010 ikaonekana imependeza kama mpya. Hatujui familia iliyotolewa katika vyumba vyake ili kazi hiyo ifanyike. Waashi walipata kazi, wapishi wanapata, mkulima wa mchicha anapata. Kupumzika ni haki ya mwanadamu, na pwani iliumbwa nzuri. Mgeni akija kwa heshima akalipa kwa haki, hatuna ugomvi naye.

Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hoja yote ya wenye kutetea hoteli za fahari imo katika methali hiyo: wageni watakuja, fedha itakuja, wenyeji watapona. Sawa. Lakini methali yataja watu wawili wakiwa nyumba moja kwa wakati mmoja. Haisemi mgeni njoo, mwenyeji toka. Katika Hoteli Kuu, mwenyeji ni nani? Tukihesabu miaka, wageni wa kulipa walikaa humo pungufu ya kumi, na maskini wamekaa zaidi ya thelathini. Twaona kwamba wakazi hawa ndio wenyeji wa pekee ambao nyumba ile imepata kuwa nao. Hiyo si hati ya mahakamani. Ni ukweli wa mambo, na haki isiyotazama ukweli wa mambo ni karatasi tu.

Wataalamu wa biashara watatujibu kwamba hoteli itatoa kazi kwa hao hao watakaotolewa. Twataka kuamini, lakini twaona ugumu. Mwenye hoteli ya kifahari huhitaji kijana asemaye Kiingereza na Kireno sawasawa, mwenye cheti, mwenye anwani. Mama auzaye makaa chini ya ngazi hatakuwa mpokezi wa wageni. Atakayetolewa ni mmoja, atakayeajiriwa ni mwingine, na faida ya huyu wa pili haiponyi jeraha la yule wa kwanza, hata zikiandikwa zote mbili katika daftari moja na jumla ikatoka nzuri. Kosa hili la hesabu ni la kawaida sana katika miradi ya maendeleo, nasi twashangaa kwamba watu wenye elimu kubwa hulirudia bila haya.

Tena kuna aina ya anasa ambayo sharti lake ni kwamba wengine wasionekane. Mgeni hulipa kitanda na chakula, na zaidi ya hayo hulipa ukuta. Ufuo uliokuwa wa wavuvi huwekewa kamba. Njia ya kushukia majini huwekewa mlinzi. Hapo ndipo fahari, ambayo si mbaya, hugeuka kuwa kitu kingine. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tufike kwenye neno zito kuliko yote: wapelekwe wapi? Beira ni mji wa tambarare, uliokaa chini sana, na sehemu zake wanakokaa maskini, kama Munhava, hujaa maji mvua zikizidi. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 ndio ulioleta kimbunga Idai. Katika Msumbiji watu zaidi ya 600 walikufa. Mabati yaliruka kama majani, nyumba za udongo zikayeyuka, na sehemu kubwa ya mji iliharibika. Jumba la Hoteli Kuu, pamoja na uchakavu wake wote, halikuanguka. Saruji ya Wareno, iliyomiminwa kwa ajili ya wacheza dansi, ilisimama ikiwa na watu maskini ndani yake.

Kwa hiyo mtu akisema atawajengea nyumba bora, na nyumba hiyo ni ya bati katika ardhi ya matope nje ya mji, mbali na soko na mbali na samaki, amewatoa katika mwamba akawaweka katika maji. Hilo haliwi fidia. Fidia ni kitu kinacholingana na kilichochukuliwa, na kilichochukuliwa hapa ni pamoja na kuta zilizoshinda kimbunga, njia fupi ya kwenda sokoni, na majirani wa miaka thelathini.

Twaona, basi, kwamba atakaye kulifufua jumba lile asianze na mchoro wa vyumba. Aanze na orodha ya watu, chumba kwa chumba, iliyoandikwa mbele ya viongozi wao wenyewe. Nyumba zao zijengwe kwanza, za saruji, juu ya ardhi isiyofurika, ndani ya mji, kila familia ikiwa na karatasi yake mkononi; na mlango wa kwanza wa hoteli usitengenezwe kabla mlango wa mwisho wa nyumba hizo haujafungwa kwa ufunguo na mwenyewe. Gharama hiyo ihesabiwe ndani ya gharama ya hoteli, kama inavyohesabiwa saruji na nondo, isiachwe iombwe kwa mashirika ya misaada. Ikiwa hesabu itaonyesha kwamba kwa kufanya hivyo hoteli haitaleta faida, basi hoteli hiyo haina faida, na afadhali ijulikane mapema kuliko ilivyojulikana mwaka 1963.

Na ikiwa hakuna tajiri atakayekubali sharti hilo, bado iko njia nyingine, isiyo na picha za kupendeza: Serikali na mji walitengeneze jumba kwa ajili ya hao hao waliomo. Maji ya bomba yapande ghorofani, mashimo ya lifti yazibwe, ngazi ziwekewe vizuizi, vyoo vijengwe, na kila mwezi kila chumba kilipe kodi ndogo kwa risiti. Kufufua kwaweza kuwa hivyo pia. Bwawa laweza kusafishwa na watoto wa humo wakafundishwa kuogelea, kwa maana wanaishi mdomoni mwa bahari na mto Pungwe, na kila masika maji huja yenyewe kuwatafuta.